Mstari Mweupe kwenye Ukuta wa Kukhu Naliaka

Kuna siku moja ya Disemba ambayo siachi kuikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa sana kuisahau. Miaka ya elfu mbili ilikuwa bado michanga. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia Kitale, na wakati wa likizo nilisomea shahada ya pili ya mazingira. Ukishavaa buti za mpira na kubeba chupa za kupimia maji, unaanza kujiona daktari wa dunia nzima. Usicheke, hata wewe utapitia hapo.

Miaka michache kabla ya siku hiyo nilishuka Misikhu, nikatembea hadi kijiji kimoja kilicho chini ya barabara kuu. Hapo palikuwa na chemchemi iliyonywesha bonde zima. Nikaingia na buti zangu mpaka katikati ya maji, nikatega ndoo chini ya bomba, nikaanza kutazama saa nione itachukua muda gani kujaa.

"Toa hiyo viatu yako ya Kitale," sauti ikasema nyuma yangu. "Hapa tunakunywa."

Ndivyo nilivyokutana na Kukhu Naliaka. Kukhu ni nyanya, kwa nyinyi mliokulia mjini kama mimi. Alikuwa mfupi, mkavu, jembe begani, na alikuwa amekuja na akina mama wenzake kuchimba udongo mweupe kwenye kinamasi kilichokuwa kando ya chemchemi. Krismasi ikikaribia kule kwetu, nyumba za udongo hukandikwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kisha zinapambwa kwa udongo wa rangi: mweusi, mwekundu, mweupe. Hiyo ni kazi ya wanawake, na mwanamke anayejua mkono wake husifiwa mpaka kijiji cha pili. Kukhu Naliaka ndiye aliyewafunza wote. Lubukusu changu kilikuwa cha kubabaisha, kwa hivyo alinihurumia akanisemesha kwa Kiswahili.

"Unafanya nini hapa?"

"Napima maji, Kukhu."

"Ukimaliza kupima?"

"Nitaandika."

"Ukimaliza kuandika?"

"Watasoma kule chuoni."

"Haya. Na sisi?"

Nikavua buti.

Nilirudi pale mara nyingi baada ya siku hiyo, bila viatu, na kila niliporudi ndoo ilichelewa zaidi kujaa. Sababu haikuhitaji shahada yoyote. Juu ya chemchemi, mlima mzima ulikuwa umepandwa miti ya bulugamu, yaani mikaratusi, imesongamana, inanyonya mchana na usiku. Na kila mtu alijua miti ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Wafula, kifungua mimba wa Kukhu Naliaka. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni Misikhu na alikuwa akiuza nguzo za stima za miti hiyo. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Aliwasomesha watoto wa ndugu zake, alimnunulia mama yake dawa za presha, na harambee yoyote ikiitishwa yeye ndiye wa kwanza kusimama. Nani angeenda kumwambia huyo akate miti yake?

Basi wazo likanijia nikiwa nimeketi uani kwa Kukhu, nakunywa chai, nawatazama akina mama wakipaka kuta kwa vidole na matambara. Nikamwambia Kukhu, kwa nini tusiyaweke maji ukutani? Chini kabisa, kuzunguka nyumba, tupake mstari mweupe, na upana wake uwe kiasi cha maji ya mwaka huo. Mimi nitapima, nyinyi mtachora. Kila Krismasi mtu atapita aone. Kukhu alifikiria, akapangusa mikono, akasema kumbe shule inaweza kutoa kitu. Kwa mwaka huo wa kwanza akapima mstari kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ulikuwa mpana na mweupe pepepe, unang'aa.

Tukachagua nyumba zilizo kwenye njia ambayo Wafula hupita kwenda sokoni. Hatukusema kwamba ni kwa ajili yake. Tulijua tu, sote, na tukatazamana. Tuliambiana kwamba ukuta utamwambia kwa heshima, bila kumkosea.

Wee, ile kitu ilipendeza! Nyumba zikawa kama zimevaa nguo za sikukuu zenye pindo. Walimu wangu wa chuo wakaja na kamera. Wakasema hii ndiyo ile kuunganisha elimu ya mazingira na sanaa ya wananchi, wakanialika nizungumze katika ukumbi fulani hapo Kitale. Nikaonyesha picha, nikaeleza mstari, nikapigiwa makofi. Akina mama nao wakaja na Kukhu Naliaka, wakaimba, wakapigiwa makofi kunishinda. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba chemchemi imeshapona. Unajua makofi yanavyolevya?

Krismasi ya pili mstari ulikuwa mwembamba, haukuzidi shibiri. Iliyofuata, ulikuwa wa vidole tu. Mimi nikipima roho inaniuma, Kukhu akipaka. Lakini watu, mwanangu! Watu walikuja kutazama kutoka Webuye na hata Cheptais kule mlimani. Wakasifu, wakaiga, wakaenda kupaka kwao. Tukasema aa, sasa habari inasambaa, sasa wataelewa.

Siku moja nikiwa Kitale nikaona kijana anapaka kibanda cha chapati. Chini alikuwa ameweka mstari mweupe, mwembamba kama kamba ya kiatu. Nikamsogelea kwa furaha. Nikamuuliza anajua maana yake.

"Niaje madam," akasema. "Hii ndio staili ya Misikhu, bana. Mstari mwembamba ndio uko juu saa hii. Ile mnene ni ya kitambo."

Nikamuuliza tena, nikidhani hajanielewa. Akanijibu vile vile, akitabasamu, akaniuliza kama nina nyumba nataka apake. Nililia pale pale mbele ya kibanda, mwenye chapati akaniletea kiti akidhani nimefiwa. Chemchemi ilikuwa inakufa, na sisi tulikuwa tumeigeuza fasheni.

Kibaya zaidi, Wafula mwenyewe alipaka duka lake. Nilipopita pale sokoni akaniita, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Madam, umeletea kijiji yetu sifa. Angalia hiyo mstari, si ni smati?" Alikuwa amesimama karibu nami kabisa, anacheka, hana haraka, na dukani hapakuwa na mtu mwingine. Ningeweza kumwambia siku hiyo. Nilisema asante, nikanunua betri ambazo sikuzihitaji, nikaondoka.

Kisha ikaja ile Disemba niliyokutajia mwanzoni. Nilifika kijijini nikakuta kila nyumba imekandikwa isipokuwa moja. Ukuta wa Kukhu Naliaka ulikuwa umepasukapasuka, vumbi la mwaka mzima juu yake, rangi za zamani zimefifia. Sasa jua hivi: kwa wazee wa kijiji kile, nyumba yenye msiba haikandikwi mpaka matanga yaishe. Kwa hivyo uani palikuwa pamejaa watu. Wengine walikuwa wamekuja na sukari, wengine na unga, wameketi kwenye mabenchi na sura za huzuni, na hakuna aliyejua ni nani amefariki. Kukhu alikuwa ameketi mlangoni kimya, kikombe mkononi.

Wafula akafika kwa pikipiki, jasho linamtoka. Akaongea Kiswahili makusudi, ili na mimi nisikie.

"Mama, ni nini hii? Watu wananipa pole huko sokoni. Ati nimefiwa na nani? Si uko hapa unakunywa chai?"

"Chai ya maji gani?" Kukhu akamuuliza. "Hii maji wasichana wameteka mtoni, huko ng'ombe wanakunywa. Chemchemi imekufa, Wafula. Hiyo ndio nimefiwa nayo."

Wafula akatazama kuelekea bondeni, kisha juu mlimani kwenye miti yake, kisha akamtazama mama yake. Nilimwona akielewa. Sijawahi kuona mtu akielewa kitu kwa uchungu namna ile.

"Si mngeniambia!" akapiga kelele. "Miaka hii yote, si mngeniambia tu?"

"Tulikuchorea," Kukhu akasema.

"Mimi nilidhani ni urembo, mama! Nilidhani ni urembo!" Na yule mwanamume mkubwa akaketi chini kwenye vumbi, akalia mbele ya wageni.

Ndipo Kukhu akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti. "Madam, wewe ulimwogopa kwa sababu ni mtu mkubwa. Mimi nilimwogopa kwa sababu ni mtoto wangu, na ndiye ananinunulia dawa. Tukatuma ukuta. Sasa ukuta ungesema nini?" Akamwaga ile chai, akaingia ndani.

Wiki hiyo hiyo Wafula alikodi watu wa pawasoo, ile misumeno ya injini, wakaangusha miti yote ya mlima. Ungedhani hadithi inaishia hapo vizuri, sivyo? Mvua za masika zilipokuja, kila kisiki kilichipuka. Ulipokatwa mti mmoja yalitokea machipukizi mengi, yananyonya kuliko mama yao. Akakata tena, yakachipuka tena. Akang'oa visiki alivyoweza, mikono ikamtoka malengelenge, na chini bondeni bomba likabaki kavu, buibui wamejenga ndani. Akawa anamletea mama yake maji kwa pikapu, kwenye matangi. Kukhu aliyanywa kwa adabu na kumshukuru. Hakuwahi kusema ni matamu.

Mwaka uliofuata Kukhu Naliaka akafariki. Tulimzika, matanga yakaisha, na akina mama wakakusanyika kuikandika nyumba yake jinsi inavyotakiwa. Udongo mwekundu ulikuwepo. Walipoenda kuchimba ule mweupe, kinamasi kilikuwa kimekauka na kupasuka, majembe yakaruka. Wafula akaenda mwenyewe hadi Webuye, akanunua kopo la rangi nyeupe ya duka. Akalifungua, akachovya brashi, akapiga magoti chini ya ukuta wa mama yake. Kisha akaniangalia.

"Madam, wewe ndio hupima. Nipake kiasi gani?"

Nikachukua ndoo, nikashuka bondeni. Nilivua viatu nilipofika, mwanangu, sijui kwa nini, kwa maana hapakuwa na tone la kuchafua. Nikatega ndoo chini ya bomba na kusimama hapo, saa mkononi. Niliporudi juu wote walikuwa wananitazama. Nikamwambia Wafula afunike kopo.

Ile nyumba ilisimama bila mstari mpaka ilipoanguka.

Sasa wewe umekuja kwangu na barua ya kukubaliwa chuoni. Umeniambia utasomea mazingira, na utaanzisha kikundi cha vijana cha kuchora na kuigiza huko Bungoma, ili watu waelewe. Macho yako yanang'aa, na mimi sina raha ya kuyazima. Chora. Imba. Igiza mpaka sauti ikukauke, sikukatazi. Wale akina mama walichora kitu ambacho sijaona mfano wake, na walisema ukweli mtupu. Lakini usiitume sanaa ikagombane kwa niaba yako na mtu ambaye wewe mwenyewe unamwogopa. Ukishajua nani anakata, nani anapanda, nani anamwaga, mwendee. Mwendee mapema, kabla hujachukua brashi, ukae naye, umwite kwa jina, umwambie kwa mdomo wako: ndugu yangu, miti yako inatuua. Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa. Baada ya hapo chora, na chini ya picha uandike maana yake kwa herufi ambazo hata mtoto atazisoma. Na watu wakikupigia makofi, waulize watafanya nini kesho asubuhi. Wasipojibu, usirudi nyumbani ukiwa na furaha.

Utaniuliza kama mambo yangekuwa tofauti, lau ningesema siku ile dukani. Sijui. Labda angenicheka. Labda chemchemi ingekufa tu, pengine ilikuwa imeshachelewa tangu siku niliyoingia na buti zangu. Nimejiuliza mpaka nimezeeka, na sitakudanganya kwamba nimepata jibu. Ninachojua ni kwamba Wafula yuko hai hadi leo, na kila tukikutana hunisalimu kwa heshima, na hatujawahi kuongea habari ya maji.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akutangulie njiani na akulinde, akupe mikono yenye ufundi na ulimi usiochelewa. Na huko utakakofika, akujalie ukute maji bado yapo, mengi, mpaka nyanya wa mtu akufokee uvue viatu.