Dada Yangu na Dume la Kijitoni

Mtaani wanamwita Bi Mawe. Kila akirudi kutoka milimani, kapu lake huwa limejaa mawe mabichi yaliyofungwa matambara yenye maji, na watu humuuliza kama hapa chini mawe yamekwisha. Yeye hucheka tu, anapita.

Ni mdogo wangu. Anafanya kazi katika maabara ya chuo, na kazi yake ni wadudu wa kwenye vijito vya milimani. Kuna jamii moja ya wadudu hao iliyomteka roho. Mdudu huyu akiwa mtoto huishi majini, na hujijengea nyumba kwa chembe za mchanga anazozishika kwa uzi autoao mdomoni. Akikaribia kukomaa huifunga nyumba yake kwenye jiwe, anaziba mlango na kulala humo. Siku yake ikifika hutoka ana mbawa, utadhani nondo mdogo wa kahawia.

Safari hiyo alirudi na nyumba za aina ambayo hakuwahi kuiona. Zilipinda kama pembe, na chembe nyeusi zimejipanga mgongoni mstari mmoja.

"Kaka," aliniambia, "huyu hakuna aliyewahi kumwandika."

Lakini kusema ni kitu kimoja, kuthibitisha ni kingine. Wadudu hawa hutofautishwa kwa ncha ya mkia wa dume. Jike hatoshi, mtoto hatoshi. Na kule juu mvua zilikuwa zimeporomosha mlima, njia imefungwa. Kama dume halingetoka kwenye mawe yale machache, basi mdudu wake angebaki hana jina.

Chuo nacho kilikuwa kimefungwa kwa likizo, na maji yamekatwa. Akayaleta mawe nyumbani kwa mama, tunakoishi sote.

"Nitengenezee mto," akaniambia. Mimi ni fundi bomba.

"Mto?"

"Mto wa jikoni. Uwe baridi, na maji yasisimame."

Nikachukua karai pana, pampu ndogo na vipande vya bomba vilivyobaki kazini, nikayazungusha maji juu ya mawe mpaka yakaimba kama ya kijitoni. Juu tukafunika chandarua. Ubaridi tuliupata kwa chupa za maji yaliyoganda. Ikiyeyuka hii, inaingia nyingine.

"Friji yangu imekuwa ya wadudu," mama alilalamika. "Nyama ikalale wapi? Kitandani kwangu?"

Alilalamika hivyo hivyo huku anabadilisha chupa, maana mchana yeye ndiye aliyekuwa nyumbani. Dada alimpa sharti moja tu: kabla ya kufunua chandarua, afunge dirisha la mbao, kwa kuwa mdudu huyu hukimbilia mwanga.

Wa kwanza kutoka alikuwa jike. Waliofuata, majike.

"Nyumba hii ni ya wanawake," mama akasema. "Hata kaka yako sijui alipenyaje."

Dada alicheka, lakini macho hayakutoka kwenye karai. Ilibaki nyumba moja tu iliyokuwa bado imefungwa.

Alasiri moja nilikuwa uani nakaza mfereji, dada anaanua nguo, mara tukasikia mama anapiga kelele jikoni. Tulimkuta katikati ya chumba, chandarua mkononi, dirisha liko wazi nusu.

"Ametoka," alisema. "Nilitaka nimwone uso, nikasukuma dirisha nipate mwanga. Akaruka."

Nilidhani dada atalia au atafoka. Wala. Alisema, "Msisogeze miguu, mtamkanyaga." Akanyoosha mkono akafunga dirisha, akaning'iniza blanketi mlangoni, jikoni kukawa giza. Kisha akanyata mpaka kwenye friji, akafungua mlango wake. Taa ya ndani ikamwagika sakafuni.

Tukakaa chini sote watatu, tumeikodolea macho friji kama watu wanaotazama televisheni.

"Umeme huo unaliwa bure," mama akanong'ona.

"Mama, nyamaza."

"Nimenyamaza. Nasema tu."

Mimi nikaanza kuingiwa na shaka. Labda alishatoka dirishani zamani, na sisi tunatazama nyanya. Halafu kitu kidogo kikagonga jagi la maziwa. Kikatambaa pembeni mwake, vipapasio vyake virefu vya kichwani vikipunga. Dada alijongeza chupa ndogo tupu taratibu mno, akamfunika, akaweka kizibo.

Alipomimina spiriti ndani ya chupa, mama alishika kichwa. "Baada ya shida yote hii unamuua?"

"Nikimwacha atakufa mwenyewe wiki hii, mama, na asijulikane."

Akaketi mezani, akainamia hadubini aliyoiazima chuoni. Mabega yake yalipolegea nilidhani kazi imeharibika, ni jike tena.

"Dume," akasema. Wala hakugeuka.

Mama alinikumbatia mimi, kwa kuwa hakutaka kumtikisa dada.

Kazi iliyofuata ilikula miezi. Aliuloweka mkia kwenye dawa mpaka ukawa angavu kama kioo, akauchora, akafuta, akauchora upya, akaulinganisha na mikia yote iliyokwisha kuandikwa. Dume lile lilikuwa na ndoano zilizogawanyika kama panda ya manati, na hakuna jingine lenye hizo. Mkuu wake wa maabara alizikagua, wakaandika pamoja. Makala ilipotoka, jina la dada lilitangulia. Dada akampa mdudu jina la pembe, kwa ajili ya ile nyumba.

Mimi si mtu wa maneno. Kazini naingia, nafunga bomba, naondoka. Lakini nilipouona mchoro ule, kila unywele wa ndoano umewekwa mahali pake, nilimwomba nakala niitundike kibandani kwangu, juu ya spana.

"Kaka, huo ni mkia wa mdudu. Wateja watauliza."

"Waulize," nikamwambia.