Poda ya Mwalimu Kambale

Harufu ya poda ya watoto siiwezi. Wiki hii mtaa wetu wote unanuka poda, maana matokeo ya darasa la sita yametoka, na kwetu Goma mtoto akifaulu mama yake humwagia kopo zima kichwani, kisha anatembezwa barabarani mweupe pe, watu wakipiga vigelegele. Mimi nimefunga mlango. Majirani watasema nina wivu. Acha waseme.

Niwaambie kisa chenyewe, mnihukumu nyinyi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shule yetu ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano yaliyotula viatu, na mvua ikipiga mabati Mwalimu Kambale alinyamaza, akaegemea ubao, akasubiri. Ubao huo tuliupaka weusi wenyewe kwa betri kuukuu za redio tulizozisaga. Ilikuwa shule ya serikali, lakini serikali haikumjua mwalimu wetu. Jina lake halikuwemo kwenye liste ya wanaolipwa mshahara. Aliishi kwa mchango wa wazazi, tuliouita prime, na mwaka ule vita vilifunga barabara ya Rutshuru, maharage na mihogo havikushuka mjini, na wazazi hawakuwa na cha kuchanga. Mwalimu alizidi kukonda. Mshipi wake alikuwa akiutoboa matundu mapya kwa msumari, na sisi wajinga tulikuwa tukiyahesabu na kucheka.

Ndipo inspekta wa shule akaja na neno lake: shule ambayo watoto wote wa darasa la sita watafaulu, walimu wake wataandikwa kwanza kwenye liste. Wote, bila kukosa hata mmoja. Tulikuwa ishirini na mmoja. Ishirini waliweza. Wa ishirini na moja nilikuwa mimi, Furaha, binti ya mama muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye soko la Kituku.

Sehemu za hesabu ndizo zilizonimaliza. Eti moja ya tatu ni kubwa kuliko moja ya nne! Nilikataa katakata. Nne si ndiyo kubwa? Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. "Furaha, kichwa yako haiko jiwe ya volkano," akaniambia. "Jumamosi ukuje kwangu."

Nilienda, Jumamosi nyingi. Mke wake alileta kiazi kitamu kilichochemshwa, bado kinatoa moshi, na Mwalimu akakigawa nusu mbili sawa, moja akaikata vipande vitatu, nyingine vinne, akaniuliza kipande kipi ni kikubwa. Nikijibu sawa, alinipa kipande hicho nile. Jamani, nilijifunza haraka! Watoto wao wanne walikuwa wamekaa mlangoni, wanatazama mdomo wangu. Nilifikiri wanashangaa akili yangu. Nikazidi kujibu kwa sauti.

Majina ya watahiniwa yalipotakiwa, nilikuwa nafagia nyuma ya darasa. Ukuta wa mbao hauzuii neno. Nilimsikia Direkta, mkuu wa shule.

"Kambale, futa hii jina. Abakie kwao ile siku, atarudia mwaka kesho. Mutoto moja, bana! Mutoto moja atukoseshe mushahara siye wote?"

"Mama yake anashinda Kituku na beseni ya sambaza kwa kichwa, ili huyu mutoto asome. Nitamwambia nini?"

"Na bibi yako, mama ya watoto wako, utamwambia nini?"

Niliacha kufagia.

"Jina ibakie," akasema Mwalimu.

Kwa kweli shukrani sikuwa nayo hata chembe. Nilikuwa na hasira tu na lile neno la kufuta. Nikaapa nitawaonyesha.

Swali la sehemu lilikuja, na nililipata. Hadi leo naweza kuwaandikia jibu lake. Kilichoniangusha ni Kifaransa. Siku ya kusomwa matokeo tulipangwa uwanjani, wazazi nyuma yetu. Mama alikuwa amefunga kopo lake la poda kwenye ncha ya kitenge. Direkta akasoma jina la kwanza, la tano, la kumi na tisa, la ishirini, kisha akaikunja karatasi. Nilisikia Mama akivuta pumzi. Alifungua lile fundo, akalifunga upya kwa nguvu zaidi, wala hakunitazama.

Mwalimu Kambale alikuwa amekuja na kopo lake mwenyewe, dogo. Alipita kwa kila aliyefaulu akimnyunyizia kidogo, huku Direkta akimtazama kwa jicho baya. Kisha akafika kwangu. Akaligonga kopo kitakoni, likatoa kilichobaki, nacho akakimwaga kichwani pangu. "Weye pia umefanya mutihani, Furaha," akasema.

Watoto wakaangua kicheko. Nikaona ananisimanga mbele ya watu. Nilikimbia mpaka Kituku, nikaingia ziwani na nguo za shule, nikasugua nywele kwa mchanga mpaka kichwa kikaniwaka. Aksanti sikumpa siku ile, na sikumpa tena.

Shule jirani ilikuwa imewaficha watoto wake dhaifu nyumbani. Ikaandikwa. Yetu haikuandikwa. Muhula uliofuata Mwalimu hakurudi. Walisema yuko mji wa Kiwanja, anabeba watu kwa pikipiki ya mtu mwingine. Mimi nilirudia darasa, nikafaulu, na Mama akanimwagia lile kopo alilokuwa ameliweka mwaka mzima.

Leo mimi ndiye mwalimu wa darasa la sita. Shule ya msingi sasa ni bure, ndivyo ilivyotangazwa, kwa hiyo wazazi hawachangi tena, na jina langu nalo haliko kwenye liste. Kabla ya mtihani wa mwaka huu mkuu wangu alinisukumia karatasi ya majina na kalamu nyekundu. Ahadi ya inspekta ilikuwa ileile: wote wafaulu, ndipo tuandikwe. Kati ya majina yale lilikuwemo la Zawadi, mtoto anayebishana nami kwamba moja ya nne ni kubwa.

Nilikaa na kalamu ile saa nzima. Ndipo nikawaona tena wale wanne mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa walichokuwa wakikitazama. Kilikuwa chakula chao. Kiazi kile kimoja ndicho kilichokuwa chakula chao cha siku ile, na mimi nilikila nikijisifu, na baba yao akanikatia.

Mwalimu Kambale alikuwa na watoto wanne wenye njaa, na hakufuta jina langu. Mimi ninao wawili tu. Nilifuta.