Bwana Jibu na Mtihani wa "Hazitoshi"

Pale ofisini walimwita Bwana Jibu. Alikuwa mkuu wa masjala, na kwa miaka kumi na tisa hakuna swali lililowahi kumshinda. Mgeni akiuliza njia, alimwelekeza kwa mkono ulionyooka, hata kama mtaa wenyewe ndio kwanza anausikia.

Kisha ikatoka barua: wakuu wote wa vitengo wawe na shahada ya uzamili. Chuo nacho kilikuwa na mtihani wa kujiunga. Lugha haikumsumbua. Kilichomtoa jasho ni zile hesabu zenye swali moja na kauli mbili, ambazo mtahiniwa hatakiwi kutoa jibu. Anatakiwa kusema tu kama kauli hizo zinatosha kulipata.

Bintiye, mwalimu wa hesabu, alimketisha mezani Jumamosi asubuhi.

"Mama fulani ana umri gani? Kauli ya kwanza: umri wake ni mara tatu ya umri wa mwanawe. Inatosha?"

"Ana thelathini na tisa," baba alijibu papo hapo. "Mtoto ana kumi na mitatu."

"Nani kakwambia kumi na mitatu?"

"Nimemkadiria. Watoto wa kwenye hesabu huwa wa umri huo."

"Baba! Hujaambiwa. Haya, kauli ya pili: baada ya miaka kumi na miwili, umri wake utakuwa mara mbili ya wa mwanawe."

Baba akainamia karatasi robo saa nzima, akainuka uso unang'aa. "Thelathini na sita!"

"Sawa, lakini hukuulizwa. Ungesema kila moja peke yake haitoshi, zote pamoja zinatosha, ukasonga mbele. Kila swali lina dakika mbili tu."

"Yaani nijue njia halafu nisiende?"

Ilimchukua miezi miwili kujifunza kusema "hazitoshi". Mwanzoni alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri wizi. Lakini mtihani akaufaulu.

Wiki iliyofuata mkurugenzi akaitisha kikao. Masjala ihamie chumba cha chini ya jengo, kwa sababu mbili: chumba kiko wazi, na yeye mkurugenzi amekipenda.

"Taarifa hazitoshi," alisema Bwana Jibu. "Mvua ikinyesha, maji hayaingii?"

Wajumbe wote wakatazama viatu vyao. Mafaili yalihamishwa Jumatatu. Alhamisi mvua ikanyesha, na mafaili ya wastaafu yakaelea. Kamati ya uchunguzi ilikaa siku nne, ikaona mkosaji ni Bwana Jibu: yeye peke yake ndiye aliyeuliza habari za maji, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyejua.

Akavuliwa ukuu. Ilimuuma. Siku chache baadaye akaomba likizo ya masomo, na mkurugenzi akaisaini bila kuisoma, kwa furaha ya kumwona anaondoka.

Sasa safu ya mbele darasani ni yake, maana miwani imechoka. Vijana wanamwita mzee, na kila Ijumaa wananakili kazi zake.