Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Mwalimu alipowaambia ndugu zake kwamba anarudi chuoni akiwa na miaka arobaini na minne, tena kusomea filamu, shangazi yake alikiweka kikombe chini.

"Yaani unakwenda kusomea kutazama sinema? Mbona hiyo umehitimu tangu una miaka sita!"

Sebule nzima ilicheka, na Mwalimu akacheka nao. Kisha akaeleza. Ni shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti: hakuna vipindi wala mitihani. Unapewa msimamizi mmoja na unakwenda na swali moja, unalala nalo na kuamka nalo hadi uandike tasnifu.

"Na swali lako ni lipi?"

Mwalimu alimtazama mzee aliyekuwa amejikunyata kwenye kochi la pembeni, akikohoa ndani ya leso. "Ni Baba," akasema.

Baba yake aliendesha mitambo ya jumba la sinema kwa miaka thelathini na mmoja, na mji mzima ulimwita Fundi Mwanga. Siku hizo sinema moja ilikuja kwa mikanda mitano au sita, na chumba chake cha juu kilikuwa na mitambo miwili. Mkanda ukikaribia kwisha, kiduara kidogo kilimulika kwenye pembe ya picha, juu kulia: washa mtambo wa pili. Kikimulika tena: hamia. Fundi akipepesa macho wakati huo, ukumbi unabaki na pazia jeupe, na watu wanampigia miluzi. Mafundi walikiita kiduara hicho jicho. Mikanda ilipochakaa na jicho kufutika, kila fundi alikwaruza lake kwa ncha ya sindano.

Jumba lilishafungwa, lakini mikanda yake ilikuwa bado kwenye bohari, na Mwalimu aliipitia miezi saba, fremu kwa fremu, akiwa na kioo cha kukuzia. Alikuta alama za aina tatu: msalaba, pembetatu, na mikwaruzo mitatu iliyofanana na unyayo wa kuku. Mafundi nao walikuwa watatu, na wawili walikuwa wamekwisha kufa. Kilichomshangaza ni unyayo wa kuku. Kila ulipokuwapo, ulikuwa mapema mno, sekunde kumi kabla ya mahali pa jicho la kiwandani. Fundi huyo alikuwa akiikatiza mikanda makusudi, ili sinema iishe mapema. Ni nani, na kwa nini? Sura ya nne yote ilisimama hapo, na aliyebaki kujibu alikuwa anapumua kwa shida.

Msimamizi wake, mtu wa maneno machache, alimpa masharti matatu. Bandika plasta juu ya taa nyekundu ya kamera, kwa sababu mtu akiiona anageuka mwanafunzi anayekariri. Funga kile kioo kidogo cha pembeni, asije akajitazama. Na usimwache aseme lolote kamera ikiwa imezimwa. "Neno likirudiwa, Mwalimu, ni kiporo. Linalika, lakini si lile."

Walirekodi Jumamosi asubuhi, chumbani kwa mzee. Mwalimu alibonyeza kitufe ili kujaribu sauti, na shangazi akapiga makofi mawili mbele ya kamera.

"Mgonjwa haulizwi uji," shangazi akanung'unika, "nyie mnamuuliza maswali arobaini."

Hapo hapo mto ukateleza na mzee akalalia upande. Mwalimu akamkimbilia. Kamera ikabaki inarekodi, taa yake imezibwa na plasta. Aliporudi nyuma ya kamera alisema, "Haya Baba, tuanze," akabonyeza kitufe kilekile cha kuwasha na kuzima. Kamera ikazima.

Tangu dakika hiyo mambo yote yalikwenda kinyume. Kila mzee alipochoka, Mwalimu alibonyeza "kuzima" na kamera ikawaka. Kila alipopata nguvu, alibonyeza "kuwasha" na kamera ikalala. Walifanya hivyo mara saba. Mchana alitoa kadi ya kumbukumbu ya kamera, akaitia kwenye bahasha na kuandika tarehe. Jumatatu mzee alipelekwa hospitali. Hakurudi.

Wiki tatu baada ya mazishi, Mwalimu alikaa mezani, akachomeka kadi kwenye kompyuta na kufungua daftari ili anukuu. Alitazama hadi mwisho, akarudi mwanzo, akatazama tena. Kisha akatoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau.

Wengi wangesema: lakini si alikuwapo? Si alisikia kwa masikio yake? Hilo ndilo lililomla. Alipokuwa anauliza swali la tano, jicho lake lilikuwa kwenye karatasi, kwa swali la sita. Kazi ya kusikiliza alikuwa ameikabidhi kamera. Anakumbuka kidole cha baba yake kikichora kitu juu ya blanketi, mistari miwili au mitatu. Anakumbuka akiitikia, "Ehe, ehe." Maneno hayakumbuki.

Kwenye kadi kuna dakika thelathini na nane. Sehemu kubwa ni mgongo wake mwenyewe, umejaa kwenye fremu kwa sababu ameinama kumnywesha mzee maji. Nyuma ya mgongo zinasikika sauti.

"Umekula wewe?"

"Nitakula, Baba. Usiongee kwanza, tunza pumzi."

"Nimekuwa nyota wa sinema mwaka huu. Shangazi yako hajaniletea hata kitana."

"Kitana cha nini, na hicho kipara?" Ni shangazi, kutoka mlangoni.

Halafu kuna kipande cha nne. Mgongo unasogea, na uso wa mzee unaonekana, umeegemea mto, ukitazama pembe ya juu ya fremu, kulia.

"Mama yako alikuwa kwenye dirisha la tiketi," anasema taratibu. "Hakuwa anaruhusiwa kupanda juu mpaka sinema iishe. Sasa mimi, binti yangu, nilikuwa naiba. Sekunde huku, sekunde kule…"

"Baba, ya Mama siyo ya utafiti. Nitakuuliza ya kazi, subiri niwashe."

"Haya, mama. Wewe ndiye fundi."

"Haya Baba, tuanze."

Giza.

Msimamizi alikitazama kipande hicho mara mbili. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Pole sana, Mwalimu. Lakini hajataja alama. Anasema aliiba, hasemi kwa unyayo wa kuku."

"Najua."

"Ungemwacha amalize."

"Najua."

Tasnifu imekwisha, na iko kwenye rafu ya maktaba, ina jalada jeusi. Kwenye jedwali la sura ya nne, mbele ya msalaba kuna fundi, na mbele ya pembetatu kuna fundi. Walithibitishwa na watoto wao, waliokuwa na madaftari ya kazi ya baba zao. Mbele ya unyayo wa kuku Mwalimu aliandika kwa mkono wake: hajathibitishwa. Tanbihi chini inasema ushahidi wa fundi wa tatu ulipotea kwa kosa la mtafiti.

Shangazi hajaisoma. Alichotaka yeye ni kuisikia tena sauti ya kaka yake. Mwalimu alimwekea kompyuta kwenye meza ya chakula, na shangazi akakicheka kile kitana hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Mbona kila akinoga unamkatisha?" akauliza. "Hebu mwache aendelee."

"Haendelei, Shangazi. Ndiyo mwisho wake."

"Irudishe basi."

Akairudisha. Mzee akatazama juu kulia. Mama yako alikuwa kwenye dirisha la tiketi, akasema. Na shangazi akainama karibu na kioo, mkono sikioni, akisubiri.