Vidonge vya Baba na Mabati ya Nyumba

Baba yangu alikuwa bahili wa maji, nami silionei haya jambo hilo. Kitangari ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mwenye maji hakuyachezea. Wanawake waliteremka bondeni alfajiri na kuupanda mlima na ndoo kichwani. Baba, mwalimu mstaafu wa shule ya misheni, aliezeka nyumba kwa mabati, akachimba shimo uani na kulisakafia kwa saruji, na mvua yote iliyoangukia paa ikaingia humo. Aliyetaka kata moja alihojiwa kwanza. Ufunguo wa mfuniko aliuvaa shingoni pamoja na msalaba.

Kisha akaanza kutetemeka. Ulianza mkono wa kulia, halafu akawa anaburuta miguu, na uso ukakosa tabasamu. Mama alimfunga vifungo vya shati na kumnywesha uji. Daktari wa hospitali ya misheni akasema ni ugonjwa wa Parkinson, akampa vidonge vilivyokuwa vigeni bado. Mimi nilikuwa nafundisha Masasi. Niliporudi likizo nilimkuta baba anajinyoa mwenyewe, nikalia kwa furaha, na kulia si kawaida yangu.

Furaha haikumaliza wiki. Asubuhi moja nilimkuta juu ya ngazi anang'oa bati la barazani, kisa jirani kalisifu. Likafuata la sebuleni, likaenda kwa fundi baiskeli. Lingine alipewa mpita njia aliyekuwa akienda zake Newala. Ukimuuliza, anakuambia wazo limemjia tu, na ukimzuia anakasirika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. La jikoni lilikuwa halipo tangu zamani. Mwenyewe alitueleza kwamba liling'olewa na upepo.

Majirani walipokea huku machozi yanawatoka. Kwao jambo lilikuwa wazi: bahili akianza kugawa, anaaga dunia. Na zawadi ya anayeaga nani aikatae? Wengine walikuja kukaa barazani, juani, wakimtazama kwa huruma. Baba akawagawia na viti walivyokalia.

Mama hakudanganyika. "Mume wangu namjua," aliniambia. "Huyu anayegawa simjui. Na mvua ziko karibu. Paa likiisha, tutakinga maji kwa kitu gani?"

Nikampandisha baba kwenye lori la korosho mpaka hospitali. Daktari alinisikiliza bila kucheka. Akasema dawa inayolegeza mikono iliyokaza inaweza, kwa baadhi ya watu, kulegeza na kizuizi cha moyo: huyu akacheza kamari, yule akakimbilia wanawake, mwingine akagawa mali. Siku hizi madaktari wanalijua vizuri, lakini yeye wakati ule alikiri kwamba bado anajifunza. Akamweleza baba waziwazi kwamba vidonge vikipunguzwa huenda akatulia, ila kutetemeka kutarudi.

Baba aliitazama mikono yake. Alikuwa ameanza kuandika tena, na hati yake alikuwa akiringia.

"Punguza," akasema. "Mkono wangu mke wangu ataushika. Paa hawezi kulishika."

Vikapunguzwa kidogokidogo. Mkono ukaanza tena kucheza, na ubahili nao ukarudi. Siku niliyomsikia akimhoji jirani juu ya kata ya maji, nilijua baba yangu amefika nyumbani.

Hapo nikazunguka kijiji kudai mabati. Sikumbembeleza mtu. Niliwaambia mzee haagi, anaumwa, na aliyekuwa akigawa ni dawa. Wengi walirudisha, wengine kwa kununa. Fundi baiskeli alikuja mwenyewe na nyundo yake kupigilia misumari.

Kijijini likabaki moja, ambalo majirani walinielekeza. Mama mmoja aliyekimbia vita ng'ambo ya Ruvuma alikuwa ameezekea nalo kibanda alimoishi na wanawe mwisho wa kijiji. Nilipomweleza shida yangu hakubisha. Alianza kuondoa mawe yaliyolikandamiza bati, huku watoto wake wakitutazama.

"Liache."

Alikuwa baba, amenifuata akijikokota na fimbo. Nikamweleza, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba aliyelitoa si yeye, ni dawa.

"Hilo ni la jikoni," akasema, mkono ukitetemeka juu ya fimbo. "Nililitoa kabla ya dawa. Usimwambie mama yako."