Tunaanza na wa Mkiani

Mimi ndiye niliyeingiza besiboli katika lile duka la Waafrika la Silver Spring, na anayebisha aje abishe mbele yangu. Kabla yangu, pale nyuma ya duka penye meza nne na televisheni, watu walikuwa wakitazama mpira wa Ulaya tu. Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza changu sikukipata darasani, nilikipata kwenye redio ya gari, miaka ile nina gari moja bovu, napiga deki ofisi za watu huko Sterling, na redio yenyewe inashika stesheni moja tu, ya besiboli. Leo nina magari matatu na mafundi kumi na wawili, tunaweka sakafu kwenye yale majengo ya kompyuta karibu na uwanja wa ndege. Ndiyo, najisifu. Nikisubiri nisifiwe na wengine nitazeeka.

Mchezo wa pale dukani ni huu. Kila Machi, kabla msimu haujaanza, kila mtu anaandika jinsi timu tano za kundi letu la mashariki zitakavyomaliza: Atlanta, Filadelfia, New York, Miami, na sisi wenyewe Washington. Mama mwenye duka anazitia karatasi kwenye bahasha na kuzihifadhi kwenye friza, chini ya samaki, ambako hakuna mwenye hamu ya kuchokoachokoa. Msimu ukiisha tunachoma mbuzi, bahasha inafunguliwa, na aliyepatia nafasi nyingi kuliko wenzake anapewa sahani ya maini, peke yake, mbele ya watu wote, kabla mtu hajagusa nyama. Yeye pia ndiye anayesoma karatasi mwaka unaofuata. Maini hayo nilikuwa nimeyala miaka mitatu mfululizo.

Na karatasi zetu tunaanza kuziandika na wa mkiani. Mwaka wa kwanza tulidhani timu ya mwisho inashuka daraja, kama kwenye mpira wetu. Tulibishana miezi mizima kama Washington itashuka, na ikishuka itakwenda kucheza wapi. Dereva mmoja wa teksi, Mkenya, aliapa kwamba itapelekwa Baltimore. Msimu ukaisha, hakuna aliyeshuka, watoto wetu wakatucheka mpaka wakashika mbavu. Lakini desturi ilikuwa imeshaingia: wa mkiani anakaa juu ya karatasi, bingwa anakaa chini kabisa. Haijaandikwa popote. Unaambiwa na aliyekutangulia, basi.

Karatasi yangu alikuwa anaiandika binti yangu. Alianza akiwa na miaka tisa, kwa sababu mwandiko wangu hata mimi unanishinda. Tunakaa meza ya jikoni, mimi nasema Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, chai inapoa. Ananiuliza kwa nini Atlanta, kwa nini si New York, na mimi namweleza habari za warushaji wa mpira, nani ana mkono, nani mkono wake umechoka. Sasa ana miaka ishirini na tatu na digrii ukutani. Mambo mengine yote nikimweleza anayatafuta kwenye simu kuhakikisha. Besiboli tu ndiyo alikuwa ananiuliza mimi, na ananisikiliza mpaka nimalize.

Halafu akaja mzee wa Kikongo.

Mtu wa Uvira, amenizidi kama miaka kumi. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa analea mzee mmoja Mmarekani huko Bladensburg: anamwogesha, anamlisha, na jioni wanatazama besiboli pamoja, mchezo baada ya mchezo, na huyu wetu anaandika kila kitu kwenye daftari la mistari. Siku moja ya Machi alikuja dukani na daftari lake kwapani. Binti yangu alikuwa amenifuata kuchukua unga. Akalichungulia lile daftari, akavuta kiti, akamuuliza kwa Kiswahili.

“Mwalimu, hii alama ni ya nini?”

“Hiyo ni mtu amepiga, lakini amekamatwa. Hii ingine ni mtu ametembea bure, bila kupiga.”

“Na mbona Miami umeiweka juu ya Atlanta?”

Watu walicheka. Mwaka ule kila redio ilikuwa inaimba Atlanta. Mzee wa Kikongo hakucheka. Alifungua kurasa za nyuma na kumwonyesha binti yangu majina ya warushaji wa Atlanta wanaouguza mikono, akihesabu kwa kalamu, pole pole, kama mtu anayejua kwamba darasa litamngojea. Na binti yangu akamngojea! Nilisimama na mfuko wa unga begani dakika ishirini. Neno “Mwalimu” lilikuwa linamtoka kwa adabu ambayo mimi sikuwahi kuinunua, na vitu nimenunua vingi.

Tulipokuwa tunatoka, mzee akaja mpaka mlangoni na kipande cha karatasi mkononi.

“Patron,” aliniambia, yaani bosi, ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, “hii karatasi inaandikwa namna gani?”

“Andika tu. Timu tano, kwa mpangilio.”

“Ni hivyo tu?”

“Ni hivyo tu.”

Binti yangu alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nimejiuliza sana kama siku ile nilimtega yule mzee. Sikumtega. Nilimnyima. Yeye alikuwa na shule, alikuwa na daftari, na sasa alikuwa na sikio la mwanangu. Kitu kidogo kile cha kuanzia mkiani kilikuwa changu, nikaona nibaki nacho.

Mwaka ule binti yangu aliniandikia karatasi amesimama, koti mwilini. Washington mkiani, ikafuata Miami, Atlanta, New York, na chini kabisa Filadelfia. Hakuuliza kwa nini hata mara moja. Kisha kiangazi kizima, kila akija kwangu, nikawa namsikia kwenye simu na Mwalimu, wanachekeana habari za Atlanta inavyoporomoka. Mimi nikiwasha redio anasema, “Baba, hiyo Mwalimu ameshaniambia.”

Mwisho wa Septemba tukachoma mbuzi. Nilisimama kusoma, kama desturi. Yangu nafasi tatu sawasawa: Washington, New York, Filadelfia. Hakuna aliyenifikia. Ikabaki karatasi moja, mwandiko mzuri ulionyooka kama wa ubaoni. Kutoka juu: Filadelfia, New York, Miami, Atlanta, Washington.

Zote tano. Hakuna mtu aliyewahi kupata tano pale dukani. Mimi mwenyewe sijawahi. Kwa hiyo niliisoma kwa sheria yetu.

“Mkiani, Filadelfia,” nilisema, na kicheko kilianzia hapo. Nilipofika chini, “Bingwa, Washington,” Mkenya alikuwa ameshaangukia meza.

“Aki Mwalimu! Yaani umetupea ubingwa sisi? Ulikuwa umekunywa nini?”

Mama mwenye duka hakucheka. “Ngojeni kwanza. Huyu si alikuwa anasema bingwa ni Filadelfia tangu Machi? Ameandika kichwa chini miguu juu. Kwani hakuelezwa?”

Wote wakanigeukia. Mzee wa Kikongo naye akanitazama, na lilikuwa neno moja tu, angelisema ningekwisha.

“Desturi kila mtu anaijua,” nilisema.

“Bon, ni sawa,” alisema yeye. “Ni mkono wangu uliandika. Mumupe patron maini yake.”

Nikapewa. Binti yangu akainuka, akachukua funguo za gari lake. “Mwalimu, mvua inanyesha, nakupeleka Bladensburg.” Kisha akaniinamia sikioni na kusema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili hunisemesha mara mbili kwa mwaka: “Nilikusikia mlangoni, Baba. Nikadhani utamweleza kabla ya bahasha.” Wakatoka. Nilikula maini yale yote, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Wiki nzima hakupokea simu yangu. Jumamosi nikarudi dukani, nikahakikisha wote wapo, nikasimama.

“Mzee huyu aliniuliza namna ya kuandika, nikamficha. Alipatia zote tano. Maini hayakuwa yangu.”

Sitasema uongo, nilitegemea kusifiwa kidogo. Si kila mwanaume anaweza kusimama hivyo. Mkenya akapiga mluzi tu. Mama mwenye duka akasema, “Afadhali umesema,” akaendelea kukata samaki. Nikamfuata mzee kwenye meza yake.

“Ulijua kwamba nilikuficha?”

“Nilijua siku ile ile ya mbuzi, patron.”

“Sasa mbona ulinyamaza?”

“Mtoto wako alikuwa pale.” Alifunga daftari. “Mtoto haone baba yake anavuliwa nguo mbele ya watu. Hapana. Miye pia niko na mabinti.”

Watu watafikiri hapo moyo wangu ulilainika. Ulichemka. Kushindwa naye kwa hesabu nilishaanza kuzoea. Sasa alikuwa amenishinda na kwenye kumlinda mwanangu, kazi niliyodhani ni yangu peke yangu. Niliendesha kurudi Sterling redio imezimwa, na wivu nilioondoka nao ulikuwa mkubwa kuliko niliokwenda nao.

Binti yangu alikuwa ameshapata habari kutoka kwa mama mwenye duka. Alinipigia jioni ile, tukaongea habari za hali ya hewa na za gari lake linalopiga kelele. Karatasi hatukuigusa mpaka Machi, nilipomuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama atakuja kuniandikia.

“Nitakuja,” alisema. “Ila Mwalimu naye aje. La sivyo andika mwenyewe.”

Nikasema aje. Niliweka viti vitatu mezani, cha binti yangu karibu na changu, cha mzee ng'ambo, upande wa dirisha linalopitisha baridi. Binti alipoingia akasogeza kile cha ng'ambo mpaka kikawa karibu na chake upande wa pili, akaketi katikati na kalamu.

“Tunaanza na wa mkiani, Mwalimu,” alisema. “Wewe unasemaje, na kwa nini?”

Mzee akakohoa, akafungua daftari, akaanza kutafuta miwani yake mfukoni. Kabla hajaipata, mimi nilikuwa nimeshaanza kueleza.