Pambizo za Biblia ya Bibi Hanna

Nakumbuka Jumatatu moja ya baridi kali, mwanangu, Jumatatu ambayo nikiitaja mpaka leo damu inanichemka. Ilikuwa miaka ya themanini, nami kijana, nimetumwa Stockholm kutoka Tanzania kujifunza kujalidi vitabu. Karakana yetu ilikuwa Sundbyberg, chini ya jengo la maghorofa. Msimamizi wangu alikuwa Mzee Okello, Mganda aliyekimbia nchi yake na kuacha kazi yake ya uchapaji, mtu wa maneno machache na mikono inayonuka gundi.

Wiki iliyotangulia alikuja mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, jina lake Hanna. Alizaliwa Pennsylvania, Marekani, akaolewa na Mswidi. Alibeba Biblia ya Kijerumani, nene kama tofali, mgongo umebanduka. Alimweleza Mzee Okello kwamba wazee wake walikuwa wakulima wa Kijerumani waliovuka bahari kwenda Amerika zamani sana, kabla Marekani haijawa taifa, wakikimbia njaa na vita vya wakubwa wao. Kila kizazi kiliandika humo mambo yake: nani kazaliwa, nani kabatizwa, msitu gani umefyekwa, nani kafa. Kurasa tupu zilipojaa, wakaandika pembeni, kwenye pambizo. Mimi nilikuwa meza ya pili, masikio nimeyapa likizo; hayo yote niliyajua baadaye.

Mzee akaniambia, "Wewe shona tu, weka mgongo mpya. Basi."

Jumatatu hiyo alikwenda hospitali Flemingsberg kupimwa macho, nikabaki peke yangu. Nikaifungua Biblia. Kingo zimeliwa, zimechafuka, na pembeni mistari ya wino uliofifia, herufi za kale ambazo sikuweza kuzisoma. Nitakwambia kweli hata kama inaniaibisha. Nilipoziona herufi za Kijerumani nilimkumbuka babu yangu na makovu ya kiboko cha Mjerumani mgongoni mwake. Nikasema moyoni, ninyi si watu wa kubembelezwa. Nikaipeleka Biblia kwenye mashine ya kukatia karatasi, nikakata pande tatu. Ikatoka imenyooka, imependeza, nami nikajiona fundi kweli kweli. Vipande nikavizoa, nikavitupa, na kabla ya saa sita mchana gari la taka lilikuwa limeshapita.

Mzee aliporudi aliifungua mara moja tu.

"Nani alikutuma kukata?"

"Nimesafisha, Mzee. Zilikuwa chafu."

"Chafu? Ule uchafu ulikuwa watu!"

Badala ya kunyamaza, nikajibu. Ujana ni moshi, mwanangu, na siku ile ulikuwa umenijaa machoni. "Lakini Mzee, ni Wajerumani hao. Unajua walimfanya nini babu yangu?"

Akapiga meza mpaka makopo ya gundi yakaruka. "Hawa walihama kwao kabla babu ya babu yako hajazaliwa! Walikimbia wakubwa wao, kama mimi nilikimbia wangu. Mtu akikimbia anabeba nini? Anabeba jina tu. Sasa wewe umekata jina."

Hakuniruhusu kujificha. Aliniamuru nimkabidhi Bibi Hanna kitabu chake kwa mikono yangu mwenyewe, na nimwambie nilichofanya. Alhamisi akaja, nikamwambia. Hakutazama mgongo mpya. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa mmoja anaoujua, akapitisha kidole ukingoni, pale karatasi ilipoishia. Akanieleza polepole kwamba hapo paliandikwa habari za mtoto wa kike aliyezaliwa melini, safarini, akafa kabla hawajaiona nchi kavu, akazikwa baharini. Hakuna kanisa lililomwandika. Kaburi hana. Alikuwa na mstari ule mmoja tu.

"Aliitwa nani?" nikauliza kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, nikidhani tutamwandika upya.

"Sijui," akasema. "Sikulikariri. Ya nini kukariri, wakati lilikuwa limeandikwa hapa?"

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alivaa glavu zake, akakumbatia Biblia yake, akapanda ngazi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijikasirikia siku ile, na sijamaliza. Kiboko cha babu yangu sikukilipiza kwa Mjerumani yeyote. Nilikilipiza kwa mtoto mchanga wa mkulima maskini.

Sasa usidhani nakusimulia haya kupitisha muda. Jana uliniletea karatasi ya ukoo wetu, umeichora kwa kompyuta, mistari imenyooka, nami nikavaa miwani kwa furaha. Nikamtafuta dada yangu Mwanaidi, aliyekufa ana miezi minne. Hayumo. Nilipokuuliza ukanijibu, tena kwa Kiswidi, kwamba hakuacha watoto, kwa hiyo angeharibu mchoro. Angeharibu mchoro! Mama yangu alimnyonyesha, alimlilia mpaka anaingia kaburini, halafu wewe unamwona doa. Nimekasirika, mwanangu, na sitakuficha.

Basi nisikilize. Usikate usichoweza kusoma. Kwanza uliza, maana kuuliza si ujinga. Usimhukumu mtu kwa dhambi za wengine wanaosema lugha yake. Watu wa kabila moja hawana moyo mmoja. Na ukikabidhiwa habari za watu, unadhifu wako uuweke kando. Aliyeishi siku moja amezaliwa, ana mama, ana jina, na jina lake si lako la kufuta.

Chukua kalamu sasa hivi, mwandike Mwanaidi mahali pake kati yangu na kaka yangu, hata kama mstari utapinda. Mimi bado nalikumbuka jina lake, na baada yangu hakuna mwingine.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe umri na uzao. Na siku yako ikifika, akujalie mtu wa kukuandika bila kukupunguza.